Chumba Kisichopitisha Baridi

Saint-Étienne, 18 Novemba 1974

Mama,

Naubusu mkono wako wa kulia, kisha wa kushoto usione wivu. Mimi mzima, mgodi unanila polepole kama unavyowala wenzangu, lakini bado nina meno ya kucheka.

Sikiliza habari. Nimepata ruhusa! Wiki tatu, kuanzia tarehe 8 Januari. Sikukuu ya Yennayer ya safari hii, mlango wa mwaka wetu mpya, nitaufungua nanyi nyumbani Tizi Wedfel, na Smina atamjua baba yake kwa sura, siyo kwa picha. Nilipoondoka Machi ya mwaka jana alikuwa bado anaanguka akitembea.

Basi nyumba iwe tayari kabla theluji haijafunga njia. Kuni ziingie chini ya paa. Mafuta ya zeituni yahamishiwe mitungi isiyovuja. Vigae vya nyumba ya zamani viwekewe mawe, upepo usije ukavibeba.

Na chumba changu kipya, nakuomba kwa maziwa yako, mkitunze. Nilikipaka chokaa kwa mikono yangu. Humo msiwashe kuni, kuta zitakuwa nyeusi kama mgodi. Washeni makaa tu, makaa hayana moshi. Chini ya mlango wekeni gunia. Na lile tundu la karibu na dari, alilolisahau yule mzee fundi Wali, lizibeni kwa tambara na udongo. Chumba kisipitishe hata pumzi ya baridi. Mke wangu Wiza ahamishie humo kitanda chake na kitanda cha kufumia, alale na mtoto. Na wewe pia, Mama, uachane na kulala na mbuzi.

Mwanao,
Mokrane

*

Tizi Wedfel, 2 Desemba

Mokrane mwanangu, jicho langu lililo mbali,

Mkono unaoandika ni wa mkeo, mdomo ni wangu. Nimemwambia asiongeze sukari wala asipunguze pilipili.

Barua yako imesomwa mara nne. Mara ya kwanza nililia, mara tatu zilizobaki nilikuwa nahesabu kazi ulizonipa. Ungekuwa karibu ningekupiga kofi, kisha nikakulisha. Kuni ziko ndani. Mafuta yako ndani. Vigae nimevipanda mwenyewe na mawe kichwani, na Jida jirani amesimama chini akipiga kelele, "Fetta, shuka, utavunja kiuno!" Nikamwambia, "Kiuno changu, paa langu, kelele zako peleka kwenu."

Tini kavu zipo magunia mawili. Kuskusi nimeisokota na kuianika kabla jua halijakimbia. Na kuku wa Yennayer nimewafungia wanne: jogoo wako, tembe wangu, wa Wiza, na kifaranga cha Smina. Ukichelewa, jogoo wako namla mimi.

Tundu nimeziba jana. Nimepanda kwenye ngazi, nimesukuma shuka kuukuu, nimepiga udongo juu. Mzee Wali alipita akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Nasahihisha ulichosahau." Akaniangalia, akataka kusema neno, nikamwambia aende zake, nina kazi.

Mkeo ameingia na kitanda chake cha kufumia. Anakufumia joho la sufu, hatoki humo toka asubuhi hadi jioni, jiko la makaa miguuni. (Mama anasema niandike kwamba joho ni zito kama ahadi zako. Mimi sijasema hivyo. W.) Mimi nabaki na mbuzi wangu. Hawakoromi na hawanipangii pa kulala. Mchana Smina ananifuata mimi kila niendako, ana domo kama langu.

Njoo salama.

Mama yako, Fetta

*

Tizi Wedfel, 12 Desemba

Mokrane,

Usishangae mwandiko. Huyu ni Da Belaid, tarishi. Nimemwapisha juu ya kaburi la mamake kwamba kitakachoingia masikioni mwake kitatokea kwenye kalamu tu, siyo mdomoni. Wiza hajui kama naandika.

Keti chini. Umeketi?

Mkeo anatapika. Siku ya nane leo. Akiamka asubuhi anashika ukuta, kichwa kinamgonga, miguu haimbebi, chakula hakitazami. Uso umepata rangi nyekundu ya ajabu kwenye mashavu. Juzi alianguka mbele ya kitanda cha kufumia na nyuzi mkononi. Mimi nimezaa saba na kuzika wanne, nimezalisha nusu ya kijiji hiki. Mwanamke akitapika asubuhi sihitaji daktari.

Nilimwuliza uso kwa uso. "Wiza, una nini tumboni?" Akasema, "Sina kitu, Mama." Nikamwuliza tena. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Smina akaapa. Akalia. Mimi sikulia. Niliduwaa kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ya theluji, na bado nimeduwaa.

Sasa wanawake kisimani wanahesabu miezi kwa vidole, na vidole vinawaishia. Jida ana mwanawe huko huko uliko. Nimeona bora uyasikie kwangu, mimi niliyekuzaa, kuliko kwa mwana wa Jida akitafuna mkate.

Sikiliza ninachokwambia. Bibi zetu walijua kwamba mtoto anaweza kulala tumboni. Mume anasafiri, mtoto anasinzia, mwaka, miaka miwili, kisha anaamka. Mama wa Hamu aliamka naye baada ya miaka mitatu, na Hamu leo ana duka. Niandikie neno moja tu: "Nilipoondoka niliacha mimba." Moja tu. Mengine niachie mimi, nitaziba midomo ya kijiji hiki mmoja mmoja. Kama ni kweli au si kweli, hilo utalizungumza na mkeo mkiwa wawili, na Mungu wa tatu.

Usifanye ujinga wa wanaume.

Mama yako

*

Saint-Étienne, 20 Desemba

Mama,

Nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa.

Sikuacha kitu tumboni mwa mtu. Hadithi ya mtoto aliyelala wasimulie wasiojua kuhesabu. Mimi ni mtu ninayeshuka mita mia sita chini ya ardhi kila alfajiri kwa ajili ya nyumba hiyo, na mwana wa Jida ameshaniuliza leo, mbele ya watu, kama nitaita mtoto jina gani.

Wiza arudi kwa baba yake kabla ya mlango wa mwaka. Smina abaki, ni damu yangu. Ruhusa nimeirudisha. Yennayer kuleni wenyewe.

Usiniandikie tena habari zake.

Mokrane

*

Ait Berd, nyumbani kwa baba yangu, 29 Desemba

Kwa Mokrane,

Barua yako ilifika tarehe 26. Da Belaid alitaka kumsomea mama yako pembeni. Nikamwambia, "Da Belaid, mimi ndiye msomaji wa nyumba hii." Nikaisoma mwenyewe, kwa sauti, mpaka kwenye jina lako. Mama yako alishika nguzo. Nadhani alikuwa anangoja neno moja kutoka kwako, na halikuwemo.

Hakunifukuza yeye, ulinifukuza wewe. Yeye alinifungia mkate na tini, akanivalisha buti zake, akasema, "Nenda kabla sijabadilisha mawazo nikamlaani mwanangu." Smina alinishika sketi. Tuliufungua mkono wake kidole kimoja kimoja.

Sikuandikii kujitetea. Nilishaapa mara moja, na aliyeapa kweli haapi mara mbili. Mama yangu ameniangalia kama wanawake wanavyoangaliana na amejua. Sina mimba, wala sikuwa nayo. Damu yangu ya mwezi imekuja hapa hapa, mbele ya macho yake.

Nakuandikia kwa jambo jingine. Siku ya pili tangu nifike hapa kichwa kimeacha. Siku ya tatu nimekula. Leo nimebeba maji na miguu ni yangu tena. Sielewi. Baba anasema ni huzuni iliyokuwa ikinila kule, lakini kule nilikuwa na furaha, Mokrane, nilikuwa nakufumia joho. Na usiku wa mwisho Smina aliniambia, "Mama, kichwa changu kinapiga ngoma." Nilidhani ananiiga. Sasa silali.

Theluji imefunga mlima, siwezi kupeleka neno kijijini. Barua ya Ufaransa inapitia barabara ya chini. Mwulize mama yako habari za mtoto. Mimi sina ruhusa ya kuuliza tena, wewe unayo.

Wiza

*

TELEGRAMU
Saint-Étienne, 6 Januari 1975

ZIBUENI TUNDU LA CHUMBA KIPYA SASA HIVI. TOENI JIKO. MSILALE HUMO HATA USIKU MMOJA. MOKRANE

*

Saint-Étienne, 6 Januari

Mama,

Telegramu nimeipeleka, lakini sijui theluji itaipisha lini, basi naandika pia.

Kitu kilichomshika Wiza nakijua. Nakijua kuliko ninavyojua sala. Ni hewa mbaya. Makaa yakiwaka pasipo na tundu yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, moshi haumo, macho hayawashi, mtu anapata kichwa, anatapika, anaishiwa miguu, mashavu yanakuwa mekundu, analala, haamki. Kazini kwangu mtu akitapika na kushika kichwa hatumwulizi amelala na nani. Tunamtoa nje. Mbio. Bila kuuliza jina lake. Nimefanya hivyo kwa wageni, kwa Wapolandi, kwa msimamizi ninayemchukia. Nimembeba mgongoni.

Na uliniandikia yote, Mama. Kichwa, miguu, mashavu mekundu. Nilisoma neno moja tu, "anatapika", na mengine sikuyaona. Ni mimi niliyekwambia uzibe. Ni mimi niliyekwambia makaa.

Niambie mko hai. Nimeomba ruhusa yangu tena, wamenipa meli ya tarehe 21 kutoka Marseille, hakuna ya mapema. Niambie Smina yuko hai.

Mokrane

*

Tizi Wedfel, 9 Januari

Mokrane,

Da Belaid anaandika. Telegramu yako imefika jana. Imechelewa siku nne.

Nitakwambia kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho nitanyamaza.

Wiza alipoondoka, theluji ilianguka siku tano bila kupumua. Vigae vitatu vya nyumba ya zamani vilipasuka, maji yakaingia, mbuzi wakasimama mguu mmoja. Nikamchukua mtoto nikahamia chumba chako cheupe. Nikasema, baba yake amekijenga, angalau mtoto apate joto lake. Usiku wa kwanza kichwa kikaniuma. Nikasema ni kilio. Asubuhi Smina akatapika. Nikasema ni tini, amekula nyingi. Asubuhi ya pili nikatapika mimi.

Nikakaa juu ya mkeka, nikacheka. Wallahi nilicheka peke yangu. Nikasema, "Haya Fetta, una miaka sabini na mbili, mume wako ana miaka kumi na tisa kaburini, na wewe umeshika mimba? Na huyu wa miaka mitatu naye je, ana mimba?" Mokrane, pale pale nilielewa. Sikujua ni sumu gani, lakini nilielewa kwamba chumba kinatulaghai, na kwamba yule binti aliapa kweli juu ya kichwa cha mtoto, nami nilimtazama akiapa nisimwamini.

Nikataka kusimama nifungue mlango. Miguu haikuja. Niliiita, haikuja. Nikamvuta Smina kwa nguo, nikatambaa naye, mlango ule pale, hatua sita, na gunia langu mwenyewe chini yake. Sikufika.

Aliyetufikia ni Jida. Asubuhi hiyo ya tarehe 4 moto wake ulikufa akaja kuomba kaa. Aligonga, akanitukana, akagonga tena. Aliposikia kimya akajua, maana mimi sijawahi kutukanwa nikanyamaza. Akavunja kioo chako cha dirisha kwa kigoda, akaingia kwa tumbo, mwanamke mzito vile, akamtoa mtoto kwanza akamlaza kwenye theluji, kisha akaniburuta mimi kwa nywele. Kwa nywele! Ananiambia hakupata pengine pa kushika.

Smina hakuwa anapumua vizuri. Alikuwa na mashavu mazuri mekundu kama komamanga, ungesema mtoto wa sikukuu. Sitaisahau sura ile hata nikizikwa. Wanaume wanne walimfunga kwenye machela wakashuka naye mlima kwa theluji ya kiunoni, na Da Wali fundi, mzee mwenye miaka themanini, alitangulia kuwatafutia njia kwa fimbo.

Yuko hospitali ya mjini; nami walinishusha kesho yake, nikakaa naye mpaka juzi. Ameamka siku ya pili. Anasema. Anamwita mama yake, haniiti mimi. Mkono wa kushoto unatetemeka akishika kijiko, daktari anasema huenda utatulia, huenda hautatulia. Aliniuliza, daktari, msichana mdogo mwenye miwani: "Bibi, nani alikwambia uzibe?" Nikasema, "Mimi." Ulikuwa karibu kutajwa. Nikakumeza.

Da Wali nilimwendea. Nikamwambia, "Lile tundu ulisahau au ulikusudia?" Akasema, "Fetta, nimejenga nyumba sitini na saba. Nilitaka kukwambia siku ile." Nikambusu kichwa mbele ya watu, mimi mjane, na wasemao waseme.

Sijui kusoma, Mokrane. Wewe unasoma na unaandika, na unajua hewa mbaya. Tumekuwa wajinga wawili wa aina mbili tofauti, na aliyelipa ni mkeo, yule aliyekuwa na akili.

Keshokutwa nakwenda Ait Berd. Kwa miguu.

Mama yako

*

Ait Berd, 15 Januari

Mokrane,

Anayeandika ni mkwe wako, Si Arezki, baba wa Wiza. Nimemwomba aandike kwa kuwa sitaki mkono wa mtu wa nje uingie kati yetu. Amekubali, na anabonyeza kalamu kama anachinja.

Barua yako ya tarehe 6 imesomwa hapa, mbele ya wote, kama ile ya kumfukuza, aliyokuja nayo Wiza, ilivyosomwa.

Nilifika tarehe 11, jua likiwa juu. Njia ni mwendo wa saa tatu kwa mwenye magoti, mimi nilitumia saa saba. Nilibeba kuku wawili, wangu na wa Wiza. Jogoo wako nilimpa Jida. Hapajawahi kuonekana mwanamke mzee anayeacha jiko lake siku ya mlango wa mwaka akaenda kula kwa watu. Watu walitoka majumbani kunitazama kama maiti inayotembea. Nikawapungia mkono.

Wiza alikuwa uani anapepeta. Nikamwambia kwa sauti, watu wa kijiji wasikie: "Nilikuuliza, ukaapa, sikukuamini. Niliandika barua kwa siri, nyuma ya mgongo wako. Nimekuja kukuomba radhi, na kama unataka kunipiga, hapa niko, lakini anza na upande wa kulia, wa kushoto unauma." Yeye aliweka ungo chini. Kisha akasema, "Smina yuko wapi?" Sikumficha. Alianguka akakaa chini palepale kwenye makapi. Kisha akainuka, akavaa viatu. Tulikwenda wote mjini asubuhi yake, kwa nyumbu wa Si Arezki, naye amelala kwenye sakafu ya hospitali usiku mmoja, asubuhi wakampa mtoto.

Smina yuko hapa sasa. Analala kifuani mwa mama yake. Mkono bado unatetemeka. Mama yake anamshikisha sindano ya kufumia kila siku, anamwambia, "Polepole, binti yangu," na mimi natoka nje kila mara wakianza.

Yennayer tuliila hapa, kwa watu, kwa aibu na kwa kushiba. Mama wa Wiza aliniwekea paja. Nililila nikilia, na nikaomba jingine.

Sasa wewe. Najua utafikiria kutuma wazee wa kijiji wamchukue mkeo kama desturi ilivyo, watatu wenye vilemba vyeupe na maneno matamu. Si Arezki anasema wazee hawatapokelewa. Hata chai hawatapewa. Wazee hawakuandika ile barua. Utakuja mwenyewe, peke yako, na utayasema mwenyewe, mchana, mbele ya waliosikia ile ya kwanza ikisomwa.

Najua utaniuliza kama atarudi. Sijui. Nimelala naye chumba kimoja siku tatu, nimemsikia akigeuka, sijamwuliza, maana nilishamwuliza maswali yangu yote na angalia yalitufikisha wapi. Joho lako liko nusu, kwenye kitanda cha kufumia, kule kule. Hajasema analitaka, hajasema lichomwe. Jana baba yake alimwambia, "Mwanaume amekosea, na anajua." Akamjibu, "Baba, anajua hewa. Kama ananijua mimi, hilo bado sijaliona."

Hilo ndilo utakalojibu ukifika. Usije na manukato, usije na saa ya mkononi, usije na kitambaa cha Marseille. Mimi nitakuwepo, nitakaa upande wake, maana ndiko ninakolala na ndiko ninakostahili kuwa. Nakupenda kuliko macho yangu mawili, hilo usilitilie shaka hata siku moja. Lakini akikukataa, mwanangu, sitakusaidia.

Mama yako,
Fetta